Sambaza hawali maiti

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Goma aliandika wiki iliyopita kwamba nyumbani kwake wameacha kula sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa sababu samaki wa ziwa hilo "wanakula kila kinachoanguka majini". Hakutaja maiti, lakini sisi tunaokaa sokoni tulimwelewa. Mimi nauza sambaza katika soko la Kadutu hapa Bukavu, na maneno hayo si mageni kwangu. Mei 2023, mito ilipofurika na kuzoa watu wa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe hadi ziwani, nilikaa siku nne na beseni lilelile. Mama mmoja niliyezoea kumwongezea kiganja kila Jumamosi alipita mbele yangu kaziba pua kwa kitenge. Sikumlaumu, sote tulikuwa matangani. Ila matanga yalikwisha, maneno yakabaki, na sasa yanaandikwa gazetini kana kwamba ni elimu.

Tuanze na mdomo. Sambaza wengi ninaouza hawafiki urefu wa kidole changu cha kati. Aliyekomaa anaweza kumeza mdudu aliyeangukia majini, hata mtoto wa sambaza mwenzake. Ndiyo, wanakulana, sitaficha. Lakini chakula chake hasa ni vidudu vinavyoelea, vingi havifiki hata milimita moja.

Nimeviona. Mtoto wa dada yangu anasoma biolojia ISP, chuo cha ualimu hapa Bukavu. Mwaka jana aliniomba sambaza kumi wabichi, wa alfajiri, kabla sijatia chumvi. Nikadhani ni njaa ya wanafunzi, nikamfungia kumi na tano. Kumbe alikuwa na kazi nao. Alipasua tumbo kwa wembe, akatoa kiutumbo chembamba kama uzi, akakikamua juu ya kioo chenye tone la maji. Kwa macho matupu ulikuwa uji wa rangi ya kutu. Akanisogezea hadubini. Mungu wangu! Mdudu mzima, mfano wa kamba wa baharini tunayemwona kwenye picha, ana jicho moja tu katikati ya uso na pembe mbili ndefu. Jike lake amebeba mayai kwenye vifuko viwili, kimoja huku kimoja kule, kama mama anayerudi kutoka sokoni. Nilihesabu hadi thelathini nikachoka, maana vilivyobaki vilikuwa vipande vya miguu na mikia. Unywele wa mtu sikuuona.

Siku hiyo ndipo nilipoielewa taa ya marehemu baba. Alivua kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, karabai zikiwaka, wakiimba mpaka asubuhi. Tuliambiwa sambaza anapenda mwanga, basi. Kumbe anakula kwa macho: mchana vile vidudu hushuka gizani, usiku hupanda juu, na penye taa anaviona. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, kwa nini samaki asumbuke kuifuata taa? Siku hizo baba alilala nyumbani, na sisi watoto tulikula sombe, yaani majani ya muhogo, bila samaki.

Kuhusu kilichozama, msomaji wenu ajue jambo moja. Kivu ina kina cha mita 485, lakini ukipita mita 60 au 70 kwenda chini hakuna oksijeni, kuna gesi. Sambaza hawezi kuishi huko. Kitakachofika huko hakimhusu. Yeye anategemea maji ya juu tu, na maji hayo hupata rutuba zaidi wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo unapoyapoza na kuyakoroga. Hapo mwani mdogo huongezeka, nao ndio chakula cha vile vidudu.

Na sahani yenyewe si kubwa. Sambaza si mwenyeji wa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa kuwa katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vidudu hivyo. Alivila kweli! Kiroboto wa maji aitwaye Daphnia, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, alitoweka ziwani. Mwaka 2006 akaonekana samaki mwingine wa Tanganyika, yule mwenye madoa ya buluu yanayometa, naye anakula palepale, hasa kandokando.

Hapo kandokando ndipo msomaji wenu angenikamata, kama angeuliza vizuri. Watoto wa sambaza hukulia ufukoni, na ufuko wetu mnaujua. Mto Kawa unateremka na taka za Kadutu yetu wenyewe, na chupa za plastiki zinarundikana mpaka kwenye bwawa la umeme la mto Ruzizi. Halafu kuna wanaokokota chandarua cha mbu kwenye maji ya magotini na kutoa samaki wembamba kama njiti za kiberiti. Nami nimewahi kuwauza. Mwaka ule ada ya shule ilinishinda, nikachukua makopo mawili, nikayachanganya na wakubwa ili wasionekane. Mteja mmoja alichambua, akaniangalia, akalipa bila kusema neno. Tangu hapo siwachukui, lakini wapo wanaowachukua, na asubuhi beseni lao huisha kabla ya langu kwa sababu bei yake ni rahisi.

Yule mama wa kitenge bado namwona. Ananunua samaki wa friji, anayetoka ng'ambo ndani ya boksi, hana kichwa wala utumbo. Juzi nilimuuliza huyo alikula nini. Akacheka, akasema, "Huyo nani atajua?"

Muuza sambaza,
Soko la Kadutu, Bukavu