Vyura hatuwafukuzi

Sikonge, Tabora

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na hela ya saruji imefika. Baba yako anakusalimia, mguu haumsumbui tena kama siku zile. Mvua za Novemba zimeanza vizuri na mahindi yameshachomoza.

Sasa hili la vyura. Ulisema kwenye simu kwamba kabla mkwe wangu hajaja na mtoto mwezi wa kumi na mbili, tupulize dawa nyumba nzima na tumwage chumvi mlangoni. Nilinyamaza kwa sababu salio lilikuwa linakwisha, si kwamba nilikubali. Dawa hatupulizi. Mtoto anatambaa, kila akiokotacho anakipeleka mdomoni. Na chumvi inamkausha chura akiwa hai, maana yeye hunywa kwa ngozi: anakaa penye unyevu, maji yanaingia yenyewe. Ndiyo maana yule mkubwa wa madoadoa haondoki chini ya mtungi. Hakutufuata sisi, amefuata ubaridi.

Jioni tukiwasha taa ya sola anatoka, anajiweka chini ya mwanga na kungoja. Wiki hii kumbikumbi wameruka, basi ni kugombania: baba yako na beseni lake, chura na ulimi wake. Mchwa, sisimizi, mende, wote anakula. Ila asikudanganye mtu kwamba anamaliza mbu. Chandarua cha mtoto njoo nacho.

Yule mwembamba wa nyuma ya kalenda unamkumbuka? Kiangazi chote alikuwa ukutani, bati likiwaka moto, naye amegeuka mweupe kama chokaa. Anabana maji mwilini hata mkojo wake hutoka mzito, ndiyo maana jua halimuui. Mvua ya kwanza tu akahama. Sasa kwenye tawi la mwembe, juu ya lile dimbwi la matofali, kuna bonge la povu jeupe. Wamelipiga wenyewe usiku kwa miguu ya nyuma, mayai yamo ndani. Baada ya siku chache viluwiluwi vitadondoka majini. Nataka mjukuu wangu aone mambo haya, hata kama hatayakumbuka.

Mwambie mkwe wangu chunjua hazitoki kwa chura. Ni virusi, watu huambukizana wenyewe. Lakini asije akadhani namficha kitu: yule wa madoadoa ana sumu kwenye vivimbe vya nyuma ya macho. Mbwa wa jirani alimng'ata mmoja, akatoka mate mpaka usiku. Kwa hiyo mtoto asimshike, na akimshika aoshwe mikono kwa sabuni. Jingine ni nyoka, kwa sababu penye vyura nyoka naye hupita kutafuta chakula. Usiku hakuna kwenda chooni bila tochi na viatu, na hilo hata wewe mwenyewe ukija.

Unakumbuka habari za vyura wa maporomoko ya Kihansi, kule milima ya Udzungwa? Bwawa la umeme lilipunguza maji ya maporomoko, wakaanza kwisha, na mwaka 2000 karibu 500 walisafirishwa hadi Marekani ili wazaliane huko. Mwaka 2010 wakaanza kurudishwa nchini. Watu wamehangaika miaka kumi kwa chura mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na wewe unataka niwamalize wa kwetu kwa chumvi ya dukani!

Nilichokubali ni hiki. Saruji yako itaziba ufa wa chumba mtakacholala, na baba yako atapigilia ubao chini ya mlango. Humo hawataingia. Sebuleni na bafuni wabaki. Kelele za usiku sina dawa yake. Ni madume yanaita majike, na mvua ikinyesha sana hatutasikilizana hata mezani.

Akikuuliza kuhusu choo, mwambie agonge ndoo kwanza kabla ya kuchota maji. Kuna mdogo mmoja anapenda kulala humo.

Mama yako