Barua kwa ndugu yangu wa Kolwezi, kuhusu Kratos na mwanawe

Lubumbashi, Katuba
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Huku tuko salama. Mama kila akitoka kanisani ananiuliza utakuja lini kula bukari kwake, nami namjibu kwamba kazi ya Kolwezi haimwachii mtu nafasi. Hajaridhika na jibu hilo.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza hadi mwisho, kisha nikaurudia. Unasema mchezo wa video God of War Ragnarök umeupita ule God of War wa 2018 kwa kila kitu, na anayebisha amefungwa na mapenzi ya zamani. Sikutaka kukujibu kwa sauti ya dakika mbili, maana jambo lenyewe nalipenda mno. Nimeumaliza wiki hii, kwa kukesha, kwa sababu ya delestaji: umeme unarudi usiku wakati watu wamelala. Na mimi nabisha.

Kwanza hayo ya mapenzi ya zamani. Ule wa 2018 nao ulikuwa mwendelezo, umesahau? Kratos, shujaa wa michezo hii, tulimjua sisi tukiwa wadogo, kwenye sale ile ya michezo ya karibu na soko, mchezo wa 2005 kwenye PlayStation 2, watoto wote wamesimama nyuma ya mwenye maneti, kile kifaa cha kuchezea. Baadaye ukaja wa pili mwaka 2007, wa tatu mwaka 2010, Kratos akaimaliza miungu ya Ugiriki yote. Kama ni mapenzi ya utotoni, basi ningeshikilia hiyo. Lakini wa 2018 ulipokuja, wewe na mimi tulikubaliana siku ileile kwamba haujapata kutokea wa namna hiyo. Mwendelezo unaweza kuupita mchezo wa mwanzo, tumeshuhudia wenyewe. Kwa hiyo nikisema Ragnarök haukufika pale, sisemi kwa kuwa ni wa pili.

Nakubali unachosema juu ya mapigano. Hapo sina ubishi hata kidogo. Mwaka 2018 tulipigana na yale majitu yenye nguzo ya jiwe begani hadi tukachoka, lilelile, rangi tu ndiyo inabadilika. Ragnarök umelirekebisha hilo. Maadui ni wengi na kila mmoja ana tabia yake. Shoka la baridi na panga za moto unazo tangu mwanzo, halafu unaongezewa mkuki wa Draupnir, unaouchomeka mwilini mwa adui mara kadhaa kisha unailipua yote pamoja. Ule mkuki ni kitu kizuri sana. Na pambano la Thor, mungu wa radi, mwanzoni kabisa, pale shoka na nyundo vinapogongana na radi inaganda angani, sijaona lingine la kulifikia.

Lakini mapigano hayakuwa ndiyo yaliyotufanya tukae kimya mwaka ule tulipomaliza. Fikiria ule wa 2018 umejengwa juu ya nini. Mke amekufa. Ameacha wosia mmoja, majivu yake yakatawanywe kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Mume na mtoto wanaondoka nyumbani na mfuko wa majivu. Basi, hakuna kingine. Yote yanayowapata njiani, yule Baldur asiyesikia maumivu, Freya yule mchawi wa msituni, nyoka mkubwa ziwani, kichwa cha Mimir kinachoning'inia kiunoni, yote ni vizuizi au misaada ya safari hiyo moja. Hata ukikaa wiki nzima hujacheza, ukiwasha tu unajua unakwenda wapi na kwa nini. Sisi huku tunazika, hatuchomi maiti, lakini neno la marehemu tunaujua uzito wake. Umewahi kuona kwenye kilio wazee wanavyonyamaza mtu anaposema, "Marehemu aliagiza hivi"? Mchezo mzima ulikuwa na ule uzito.

Tena kuna jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza. Ngozi ya Kratos ni nyeupe kwa sababu gani? Tangu mchezo wa 2005: ni majivu ya mke wake wa kwanza na binti yake, aliowaua kwa mkono wake kwa hila ya Ares, mungu wa vita, akalaaniwa yamgande mwilini. Kwa hiyo mwaka 2018 mtu huyu anatembea na majivu ya familia moja juu ya ngozi na majivu ya mke wa pili mfukoni. Hakuna anayekusimamisha akueleze. Picha yenyewe inatosha, kwa anayemjua. Huo ndio ufundi ninaoulilia. Walichukua hasira ya michezo ya zamani, ambayo ilikuwa hasira tu, wakaifanya mzigo.

Na kamera je? Tangu Kratos anapokata mti wa kwanza hadi mwisho, picha haikatiki. Unaambatana naye begani, ukisikia anavyopumua. Kwa safari ya njia moja ufundi huo una maana yake: huwezi kumwacha, naye hawezi kukukimbia. Ragnarök umeushika ufundi uleule, ila sasa kamera inamwacha baba inamfuata mtoto, inarudi kwa baba, inakwenda tena Asgard, makao ya miungu. Imekuwa sifa ya kuonyesha uwezo. Haibani tena moyo.

Halafu maneno! Hapa nitasema kwa uchungu. Mwaka 2018 kulikuwa na kimya. Mnapiga kasia, Mimir anaanza hadithi, mnafika ufukweni hadithi inakatwa, mnarudi kwenye mtumbwi anaiendeleza pale alipoishia. Mara nyingine hakuna anayesema, ni maji tu na kasia. Katika Ragnarök hakuna dakika ambayo mtu hasemi. Na mafumbo! Nimesimama kule Svartalfheim, nchi ya vibeti, mbele ya gurudumu la maji, sijatazama vizuri, tayari mwenzangu ananiambia nirushe shoka wapi. Niachie nifikiri! Fumbo ulilofumbuliwa si lako tena. Wewe ulisema inasaidia wanaocheza baada ya kazi wakiwa wamechoka. Sikubali, kwa sababu aliyechoka ndiye anayehitaji ile raha ya kugundua mwenyewe.

Kuhusu msitu wa Ironwood, pale Atreus, mwana wa Kratos, anapokuwa na Angrboda, msichana wa majitu, najua wengi wanapalaumu, na wewe ulisema ulisinzia. Ni kurefu, kweli, lile zoezi la kuchuma matunda lingepunguzwa nusu. Lakini mimi nilipapenda. Ni mara ya kwanza mtoto huyu anatembea bila kutazama nyuma kuona uso wa baba yake. Anacheka tofauti. Ningepunguza matunda, nisingepaondoa.

Kinachoniuma zaidi ni mwisho, yaani vita vyenyewe. Jina la mchezo ni Ragnarök, tunaahidiwa mwisho wa dunia, tunaandaliwa saa nyingi kweli kweli, tunakusanya washirika milki hii na ile. Tunafika Asgard, na vita vinapita kama gari la Kasumbalesa lililochelewa. Pembe imepigwa, ukuta umevunjwa, Thor amekufa mkononi mwa Odin, baba yake mwenyewe, kisha Odin naye ameanguka, kwisha. Thor yule! Mlevi aliyeacha pombe kwa ajili ya mkewe na binti yake, ambaye ndiyo kwanza anaanza kuuliza kama anaweza kuwa mtu mwingine. Alistahili nafasi ya kuomboleza, akapewa pumzi moja.

Sababu yake inajulikana. Cory Barlog, aliyeongoza ule wa 2018, alieleza kwamba waliamua kuimaliza hadithi hii ya miungu ya kaskazini kwa michezo miwili badala ya mitatu, maana kila mmoja unakula karibu miaka mitano, na miaka kumi na tano kwa hadithi moja ni mingi. Eric Williams akapewa kuongoza wa pili. Namwelewa Barlog, maisha ya watu wanaofanya kazi ile si ya kuchezea. Lakini unaucheza na unauona mshono: hapa palikuwa mwisho wa mchezo wa pili, hapa palikuwa mwanzo wa wa tatu. Kifo cha Brok, kibeti mhunzi aliyetutengenezea silaha, kilikuwa kifungie mchezo. Yule mungu Tyr tuliyemtoa gerezani, tukala naye, tukalala naye nyumba moja, kumbe ni Odin aliyejigeuza, anamchoma Brok kisu mbele ya wote. Pale skrini ingezimika, tukae miaka tukingoja. Badala yake saa chache baadaye tuko vitani.

Na hata hivyo Sindri, ndugu yake Brok, amenibeba. Wamemwandika kwa ujasiri mkubwa. Michezo mingi ingempa machozi, kisha kukumbatiana, kisha msamaha. Huyu anakataa. Alimpa Atreus kila kitu, nyumba, silaha, siri, na Atreus amemleta muuaji mezani. Hata baada ya ushindi hasamehi, na mchezo haumlazimishi. Ukifika kwenye mazishi ya Brok ziwani, baada ya hadithi kuisha, yeye anamuaga nduguye kisha anaondoka bila neno. Hilo halimo kwenye mchezo wa 2018, naukiri ukuu wake.

Sasa nikuambie kitu ambacho Ragnarök umekifanya na hakuna mwingine ungeweza. Mwaka 2018, mtoto amewinda paa wake wa kwanza, Kratos anainua mkono amguse mgongoni, mkono unafika karibu, anaurudisha. Tulikaa tukitazama lile. Wewe ulisema, "Huyu ni Papa." Baba zetu walitoka alfajiri kwenda kwenye tanuru, wakarudi jioni na vumbi la kiwandani, walitulisha, walitusomesha, na mkono ulikuwa ukirudi njiani vilevile. Ragnarök unamchukua mtu huyu na kumfundisha kumwuliza mtoto wake, "Unaonaje wewe?" na kungoja jibu. Halafu mwishoni mtoto anasema anakwenda peke yake kutafuta majitu waliobaki, na baba anamruhusu. Wanakumbatiana, na mkono safari hii haurudi. Mwanangu mkubwa alikuwa ameketi kando yangu usiku ule, maana umeme uliporudi aliamka. Aliniuliza kwa nini Kratos analia mbele ya ule mchoro ukutani. Nikamwambia, kwa sababu ameona kwamba mambo yake ya mbele si yale aliyodhani amehukumiwa. Akataka kujua zaidi, tukaongea mpaka karibu asubuhi, na shule ilikuwepo.

Unaona basi ninapokwama? Lile kumbatio ndilo kubwa kuliko yote katika michezo yote miwili, na nguvu zake zote limezichota kwa ule mkono wa 2018. Aliyeanza na Ragnarök ataona baba anamkumbatia mwanawe, basi. Kwa hiyo kwangu wa kwanza ndio kazi iliyokamilika, hauhitaji mwingine usimame. Ragnarök una vipande vilivyoupita, Sindri, Thor, mkuki, kuagana, lakini vimeshonwa kwa haraka na vimezungukwa na kelele. Ukiniambia nichague mmoja nimpe kijana ambaye hajawahi kushika maneti, nampa ule wa 2018 bila kufikiri.

Jambo moja zaidi kuhusu sauti, kwa vile wewe unacheza kwa Kifaransa. Tafadhali, weka maandishi ya Kifaransa chini, lakini sauti iache ya Kiingereza, umsikie Christopher Judge. Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 2019 mwili ulikataa, ikabidi apasuliwe mgongo, nyonga na goti, na studio ikamngojea apone badala ya kutafuta mwingine. Mchezo uliotangazwa kutoka 2021 ukatoka Novemba 2022. Ukisikia Kratos wa Ragnarök anavyosema polepole, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa, utakubali kwamba walifanya vema kungoja.

Hujasema lolote juu ya Valhalla, nadhani hujaipata. Ni nyongeza waliyoitoa Desemba 2023, bure kabisa kwa mwenye mchezo, ila inabidi uishushe kwa intaneti, na najua mega za intaneti huko zinavyokula mshahara. Mimi nimekwisha kuishusha. Humo Kratos anarudishwa kwenye mambo ya Ugiriki, hadi anazungumza na nafsi yake ya ujana iliyo kitini. Imetulia, ni fupi, ina shabaha moja. Ndiyo maana nadhani utaipenda kuliko vita vya Asgard, na hapo ndipo nitakapokukamata katika ubishi wetu.

Kwa hiyo njoo mwezi ujao, hata kwa siku mbili. Njoo na maneti yako, moja ya kwangu kitufe cha kushoto kimelegea. Diski yako ya Ragnarök nimeihifadhi vizuri, sitaituma kwa basi, utaichukua mwenyewe. Na uniandikie kabla hujaja, kwa maandishi, si kwa sauti: ukimwondoa Sindri, ni kitu gani katika Ragnarök kinachosimama bila kuegemea ule wa kwanza? Nataka jibu la kweli.

Msalimie shemeji, wabusu watoto.

Ndugu yako,
wa Katuba