Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi: vita ya meli ndani ya mto Rufiji

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Wenzetu wanafunzi, mambo vipi.

Sisi klabu ya historia leo tumekuletea habari ya hapa hapa kwetu, maana ikitajwa vita ya kwanza ya dunia watu wanawaza Ulaya tu, kumbe hata humu kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, meli zilipigana.

Ilikuwa hivi. Manowari ya Mjerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Mwingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, halafu ikaja kujificha mtoni kwa sababu injini ilikuwa mbovu, vipande vya boila vikaburutwa nchi kavu mpaka Dar vikatengenezwe kisha vikarudishwa, na walioburuta ni watu weusi, babu zetu hao mgeni rasmi, kwa kamba na mabega.

Meli kubwa za Mwingereza zikashindwa kuingia, si unajua delta yetu, maji yakipwa ni tope na mchanga tu. Ndo zikaletwa meli mbili ndogo za vita, Severn na Mersey. Hizi Brazil ndo iliziagiza Uingereza kwa ajili ya mto Amazon, zinaelea hata kwenye maji yasiyofika mita 2, vita ilipoanza Mwingereza akazinunua mwenyewe, zikavutwa kupitia Suez hadi kisiwa cha Mafia, zikafika Juni 1915. Tarehe 6 Julai zikaingia mtoni, zikapigwa, Mersey ikafiwa na watu, zikarudi. Tarehe 11 zikaingia tena, ndege ya Mwingereza iko juu inawaambia mabomu yanaangukia wapi maana mikoko imeziba huoni kitu, na hata ndege ilipopigwa wale wawili waliokuwa ndani yake waliendelea kutuma ishara huku inashuka! Siku hiyo Königsberg ikaungua, Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 ikaopolewa ikaenda kupigana nchi kavu, mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Sasa mgeni rasmi, nahodha wa Königsberg, Looff, jina lake tunalisoma vitabuni, ila walioburuta boila hatujakuta jina hata la mmoja. Kwa kweli inatuuma sana.

Ndo maana tunaomba vitu viwili tu, simu nzuri ya kuwarekodi wazee wetu kabla hawajatutoka, na boti ya siku moja twende na walimu tukapaone.

Naomba kuwasilisha.