Wazee wa Kongwa na Mazimbu warekodiwe wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie filamu za makala zinazosimulia ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Nazitazama kila nikizipata, na nyingi hupita njia ileile: Mandela anatoka gerezani mwaka 1990, Samora Machel wa Msumbiji anahutubia umati, watu wanaandamana London. Tanzania hupewa sentensi moja, Mwalimu akimpokea mgeni uwanja wa ndege, basi.

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 hadi ilipovunjwa 1994. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa jijini humo kwa bomu la kifurushi, Februari 3, 1969. FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Kongwa, mkoani Dodoma, ilipokea wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO na SWAPO ya Namibia, Chris Hani wa ANC akiwa miongoni mwao. Na Mazimbu, shamba la zamani la mkonge pale Morogoro, ANC walijenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979 akiwa na miaka 22.

Kambi haiendeshwi na hotuba. Wako waliowalimia wageni hao, waliowapikia, madereva, wauguzi, mafundi waashi. Wako pia wanawake wa Kitanzania waliozaa na wapigania uhuru, kisha wenzao wakarejea makwao, wao wakabaki kulea peke yao. Kisa hicho kinauma, na ndiyo maana nataka kukiona kwenye filamu, kikisimuliwa na wenyewe bila kupambwa.

Hata anapopatikana mzee wa kuhojiwa, mara nyingi hatumsikii. Anafungua mdomo, yanasikika maneno mawili matatu ya Kiswahili, halafu sauti ya msimulizi inamfunika kwa Kiingereza. Midomo inaendelea kucheza, mkono unaonyesha kitu upande wa pili wa barabara, nasi hatujui alichosema. Kwa nini asiachwe aseme, tafsiri ikaandikwa chini? Kusitasita kwake na pale anapokataa kujibu nako ni ushahidi.

FRELIMO waliijua thamani ya kamera vita vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1971 walimruhusu Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani Mweusi, kupiga picha katika maeneo waliyoyakomboa Msumbiji, na filamu yake ikaonyeshwa vyuoni na makanisani Marekani. Sisi tuna amani na simu zenye kamera, tunasubiri nini?

Aliyekuwa na miaka 20 kambi ya Kongwa ilipoanza, miaka ya sitini, sasa amevuka themanini. Naviomba vituo vyetu vya televisheni, vyuo vinavyofundisha filamu na vijana wanaotengeneza video waende Kongwa, Nachingwea na Mazimbu mwaka huu huu, si kwenye maadhimisho yajayo. Wahoji kwa Kiswahili, au kwa Kigogo pale mzee anapopenda hivyo. Wasitupe yale yatakayokatwa wakati wa kuhariri: mahojiano yote yawekwe Nyaraka za Taifa, na familia ya aliyehojiwa ipewe nakala yake.

Nawe Mhariri, ukianza kuchapisha simulizi za wazee hao, watengenezaji wa filamu watajua pa kuanzia.

Msomaji wako,
Morogoro