Kuhusu kile kitabu ulichoniagiza

Mdogo wangu kipenzi,

Za huko Mikindani? Nipelekee shkamoo kwa Mama na kwa Bibi. Mwambie Mama hela ya salfa nimeituma kwenye simu ya mjomba mana ya kwake ilikuwa inagoma, wapulizie mapema kabla ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, haujashika maua, mwaka huu sitaki tena kusikia mikorosho imeungua. Huku Leeds tuko salama, Julai hii mwanga unakaa mpaka saa nne usiku na mimi bado niko zamu za usiku pale kwa wazee.

Haya sasa kitabu chako. Nimekisoma chote na toleo la sauti nimelisikiliza lote, huku ukiwa na kadi ya maktaba unaazima vitabu vya sauti bure kwenye simu, kwa hiyo nilikuwa natia hedifoni kwenye basi nikienda kazini. Nakwambia ukweli, kimeniuma.

Kimeniuma kwa sababu kinaanza vizuri mno. Kuna binti wa miaka 17, kwao pwani, anaweza kuita bahari ikamtii, ila kila akiiita bahari inamchukulia kumbukumbu moja na yeye hachagui ni ipi. Chapta ya pili mtumbwi wa kaka yake unazama, anaita, kaka anafika nchi kavu mzima. Binti anarudi nyumbani anamkuta mama yake uani anapara samaki, anamwamkia kama anavyoamkiwa mama wa watu, anamuuliza mwenye nyumba yupo? Mama anadhani ni utani, anaendelea kupara, magamba yanaruka, mpaka anainua uso anamuona mwanae jinsi anavyomtazama na kisu kinasimama. Mdogo wangu hapo nilipitiliza kituo.

Afu anatokea mwana wa mfalme. Mimi stori za maadui wanaogeuka wapenzi nazipenda, unajua, sina neno nazo, lakini uadui lazima uwe na uzito ndo mapenzi nayo yawe na uzito. Baba yake huyu kijana ndo kachoma kijiji cha yule binti, watu wamekufa, na chuki yote inaisha usiku mmoja pangoni wakati wa mvua eti kwa sababu kamvisha koti lake na ana macho ya rangi ya fedha (hayo macho yanatajwa karibu kila ukurasa mpaka nikawa nayachukia). Hamuulizi hata swali moja kuhusu kijiji! Hata jina la mtu mmoja aliyekufa hamtajii!

Na kile kilichonikera kuliko vyote, ile sheria ya kumbukumbu inapotea. Katikati ya kitabu binti anaita bahari inabeba meli nzima nzima za huyo mwana wa mfalme, asubuhi anaamka anakumbuka kila kitu, na hakuna maelezo. Yani mwandishi katufundisha mwenyewe sheria, tumeiamini, mtu kampoteza mama yake kwa ajili ya sheria hiyo, halafu yeye ndo anaitupa. Wakati mapenzi yenyewe yalikuwa humo humo! Fikiria angekuwa anajua kwamba kila akimwokoa huyu kijana anaweza kuamka kamsahau, na bado anaita. Hiyo ningeilipia hela yangu na kukutumia hata leo.

Toleo la sauti ni saa kama 11, kawaida tu kwa kitabu cha maneno laki moja, wasomaji wa hivi vitabu wanaenda kama maneno 150 kwa dakika. Wako wawili, dada anasoma sehemu za binti na kaka anasoma za mwana wa mfalme, na jina la mji mkuu kila mmoja analitamka kivyake mpaka mwisho, utadhani ni miji miwili. Kaka akiigiza sauti ya binti anaibana inakuwa ya katoto, mtu anayeamrisha bahari anaongea kama anaomba peremende. Dada sauti yake nzuri ila hasimami popote, pale kwenye kisu amepita kama anasoma ratiba ya mabasi.

Unakumbuka Bibi akitusimulia yule binti aliyefungiwa na zimwi ndani ya ngoma? Akifika pale zimwi linapiga ngoma na mtoto anaimba ndani, Bibi alikuwa anashusha sauti anaimba kama mtu aliyebanwa kifua, na kabla mama wa yule mtoto hajaitambua sauti ya mwanae alikuwa ananyamaza kwanza, ananyamaza kweli, sisi tunabana pumzi. Na mtoto aliingia kwenye ngoma kwa sababu alirudi peke yake pwani kufuata kombe lake la baharini, kosa lake halikusahaulika njiani.

Wanasema hivi vitabu ni vya vijana wa miaka 12 mpaka 18, sasa ndo vifanywe haraka haraka? Wewe uko Form Three na kitabu unakisoma mara mbili mbili, ungeyaona yote haya kabla yangu.

Mimi ningependa nikununulie kingine. Ila kama bado unakitaka hiki nitumie voisi kabla ya Ijumaa, mana kuna dada anakuja Dar wiki ijayo na begi lake limebakiza nafasi ya kitabu kimoja tu na dawa za macho za Bibi.

Dada yako akupendaye