Tanzanaiti haipimwi kwa kiberiti

Ndugu Mhariri,

Kuna ushauri unaosambazwa WhatsApp kwamba ukitaka kujua kama tanzanaiti ni halisi au feki, ipitishe juu ya kiberiti au uikwaruze kwa tupa. Ikisalimika, ni ya kweli. Ni kinyume kabisa. Ugumu wa tanzanaiti ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, ambacho almasi ni 10), ina upande mmoja unaopasuka kirahisi, na joto la ghafla huitia ufa. Ndiyo maana sonara anayejua kazi huitoa kwenye pete kabla ya kulehemu. Zirkonia ya kiwandani, ambayo ni mojawapo ya feki zenyewe, hustahimili moto huo bila tatizo. Kipimo hicho kinafelisha jiwe la Mererani, inakochimbwa tanzanaiti, na kufaulisha la kiwandani.

Kalamu ya kupima almasi nayo haisaidii. Inapima jinsi joto linavyopita kwenye jiwe, na ilitengenezwa kwa ajili ya almasi. Ikikaa kimya juu ya tanzanaiti, itakaa kimya vilevile juu ya kipande cha chupa.

Chombo cha bei nafuu kinachofaa ni miwani ya jua ya polaroidi. Weka jiwe juu ya karatasi nyeupe mchana, litazame kupitia kioo kimoja cha miwani, kisha uizungushe miwani polepole robo mzunguko. Tanzanaiti hubadilika kutoka bluu kwenda zambarau. Kioo, zirkonia na spineli ya kiwandani hubaki na rangi ileile. Rudia ukiwa umelilaza jiwe kwa upande mwingine, kwa sababu kuna pembe ambayo hata tanzanaiti haibadiliki. Ikitoka bluu hadi njano hafifu, huenda ni ayolaiti: jiwe la asili, lakini si hilo unalolipia.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Viputo vya mviringo na kingo zilizolainika kama pipi iliyomumunywa ni dalili za kioo. Usafi peke yake si ushahidi wa ufeki. Tanzanaiti nyingi nzuri ni safi. Feki ya kuogopwa ni fosteraiti ya kiwandani, kwa kuwa rangi yake inakaribia sana. Tazama kupitia uso mkubwa wa juu hadi kingo za chini: kwenye fosteraiti kila mstari utauona mbilimbili, kwenye tanzanaiti ndogo utauona mmoja. Hapa pia geuza jiwe, usiridhike na pembe moja. Ukiona kingo za juu zimepauka huku nyuso zina rangi kali, hiyo ni tanzanaiti hafifu iliyopakwa rangi. Ni halisi, ila bei yake haipaswi kuwa ile ya rangi unayoiona.

Kwa jiwe ambalo halijapachikwa kwenye pete au kidani, maji hutoa jibu la namba. Unahitaji mizani ya kusoma gramu 0.01. Pima jiwe likiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe isome sifuri, halafu ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa chini wala ubavuni. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba iliyotokea. Tanzanaiti hutoa takriban 3.35, yaani ni nzito mara 3.35 kuliko maji ya ujazo uleule. Jiwe la gramu 1, yaani karati 5, litasoma 0.30 likiwa tanzanaiti, 0.25 likiwa yakuti ya kiwandani, 0.38 likiwa amethisto, na kama 0.17 likiwa zirkonia. Fosteraiti hukaribia mno tanzanaiti hapa, kwa hiyo lenzi haikwepeki. Tone la sabuni ndani ya maji huzuia mapovu kung'ang'ania jiwe na kuharibu hesabu. Kwa jiwe la karati 1 usijisumbue: mizani ikiruka kutoka 0.05 hadi 0.07, jibu linatoka 4.0 hadi 2.9.

Wateja wengi hukataa jiwe wakiambiwa "limechomwa". Hawana sababu. Karibu tanzanaiti zote za bluu sokoni zimechomwa kwa joto la nyuzi mia tano na kitu. Likitoka ardhini, jiwe mara nyingi ni la kahawia. Neno la kukutia shaka ni "tanzanaiti ya maabara". Hakuna zoisaiti ya maabara (zoisaiti ndiyo madini ya tanzanaiti) inayouzwa sokoni. Utakachopewa ni fosteraiti, zirkonia au kioo. Tilia shaka pia kito kilichozibwa mgongoni, maana karatasi ya kung'arisha hufichwa humo.

Risiti ya EFD inayosema "vito" tu haikulindi. Mtake muuzaji aandike "tanzanaiti asilia", uzito kwa karati, na kama imechomwa au kupakwa rangi. Kwa jiwe la bei kubwa, cheti cha maabara ya vito kitangulie malipo, na uzito ulioandikwa kwenye cheti uupime tena mbele ya muuzaji, kwani cheti halali huweza kuambatanishwa na jiwe jingine.

Mkata vito,
Arusha