Barua kwa mwanangu: ile rosela uliyoinywa

Mwanangu mama,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Eti mwalimu kawauliza nyie wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) mnataka kuwa nani, ukajibu "kama mama", halafu ukashtuka maana hujui mama anafanya nini haswa. Nimecheka mpaka baba yako kaja kuchungulia.

Hukumbuki wewe, ulikuwa na miaka mitatu, ulifungua friji ukanywa nusu chupa ya rosela ukalia haina sukari. Ile haikuwa juisi, ilikuwa kazi yangu ya wiki nzima (nilichemshia maji matupu ndo maana sikukukimbiza hospitali). Nilikuwa natengeneza sola za rangi, zile walizozitoa Grätzel na O'Regan kule Lausanne, Uswisi, mwaka 1991, siyo hizi za silikoni unazoziona juu ya bati. Unachukua unga wa titaniamu dioksaidi, huohuo unaotia weupe kwenye rangi ya ukuta, ila chembe zake ziwe za nanomita kama 20 hivi, na unywele wako mmoja una unene wa kama 80,000, piga hesabu mwenyewe. Kwanini ndogo hivyo? Chukua kilo ya dagaa na kilo ya sato, chovya zote kwenye pilipili, wapi itashika nyingi? Basi rangi nayo inashika hivyohivyo.

Unaupaka kwenye kioo kinachopitisha umeme, selotepu pembeni ndo inakupimia unene, unaoka nyuzi 450 nusu saa, unaloweka kwenye rosela usiku kucha. Jua likipiga, rangi inaachia elektroni, unga unaidaka, umeme huo.

Sasa tanuri limefika nyuzi 300, paap, umeme umekatika! Mtafiti wa umeme anakatiwa umeme, wenzangu walinitania sana. Ule utando unabaki wa kahawia maana gundi iliyochanganywa na unga haijaungua ikaisha, na kioo chenyewe tumeagiza nje, tumekisubiri miezi, unatupa hivihivi unaona. Na rosela yangu haikugeuza hata asilimia 1 ya mwanga kuwa umeme, Lausanne kwa rangi yenye metali ya rutheniamu walipata kama 7. Tena ya maua inapauka juani, yaani sola inayoogopa jua, we fikiria.

Lakini hayo hayaniumi. Kinachoniuma ni kwamba mwaka 2009 Wajapani, Miyasaka na wenzake, walitoa rangi wakaweka perovskaiti, aina ya fuwele inayonyonya mwanga, wakapata asilimia 3.8. Niliisoma ile pepa nikaona inakufa ndani ya dakika chache kwa sababu ile maji ya ndani ya sola, inayorudisha elektroni, inaiyeyusha, nikasema hii nayo ni rosela tu, nikaiweka pembeni. 2012 watu wakatoa maji wakaweka kitu kikavu, ikaruka mpaka karibu 10, na leo imepita 25. Vifaa vyote nilikuwa navyo mwanangu, kioo, tanuri, selotepu. Sikujiuliza tu kama ile maji ni lazima.

Ndo maana ukinipigia kuniambia prakto imegoma huwa nauliza imegoma wapi, siyo umepata ngapi, nawe unakasirika.

Siku hizi nafanya hizo hizo perovskaiti, nimechelewa ila nipo, adui wetu sasa ni unyevu, masika inatutesa kwelikweli.

Ile ya mshahara uliyouliza mwishoni nipigie, siwezi kuiandika hapa.

Mama